Kumchagulia Mzee Tiba ya Akili: Njia Ipi Inaruhusu Kurudi Nyuma?

Anayetaka kumchagulia mzee tiba ya sonona, ya wasiwasi, ya kukosa usingizi au ya mhangaiko unaoandamana na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, aanze kwa kumwaga mezani vidonge vyote ambavyo mzee huyo tayari anameza: vya presha, vya kisukari, vya maumivu ya viungo, vya mafua vilivyonunuliwa bila cheti cha daktari, na vile vya usingizi vilivyobaki tangu msiba wa miaka mitatu iliyopita. Nimekaa kwenye meza za namna hiyo zaidi ya mara moja, na sikumbuki hata moja ambayo hatukukuta dawa isiyojulikana ilianza lini wala ilitolewa kwa sababu gani.

Umri hubadilisha hesabu nzima ya dawa. Maji na misuli hupungua mwilini, mafuta huchukua sehemu kubwa zaidi, figo huchuja polepole, na dawa zinazojificha kwenye mafuta hukaa muda mrefu kuliko maelezo ya kwenye karatasi yanavyodokeza. Chukua mfano wa diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi: kwa kijana wa miaka 20, nusu ya dawa huondoka mwilini kwa takriban saa 20, ilhali kwa mtu wa miaka 80 muda huo hufika saa 80 au zaidi. Kidonge alichomeza Jumatatu usiku, nusu yake bado anatembea nayo Alhamisi usiku, na juu yake amekwisha kuongeza vidonge vya Jumanne na Jumatano.

Kwa sababu hiyo, katika ulinganisho huu nimeacha kuuliza dawa ipi ina nguvu zaidi. Nauliza hivi: ikishindwa au ikidhuru, tutarudi nyuma kwa njia gani, kwa muda gani, na ni kitu gani ambacho hakitarudi kabisa? Majina ya dawa nimeyaandika kama yanavyotamkwa kwa Kiswahili. Kwenye pakiti utayakuta kwa tahajia ya kigeni, lakini mzizi wa neno ni ule ule na mfamasia atakuelewa bila shida.

Kwanza, ni hali ipi kati ya tatu?

Kuna hali tatu zinazofanana machoni pa familia, na kuzichanganya ni kosa la gharama kubwa kwa kuwa dawa ya hali moja huweza kuizidisha nyingine. Kuchanganyikiwa kwa ghafla huja ndani ya saa au siku chache, hupanda na kushuka katika siku moja, na huondoa kwanza uwezo wa kumakinika. Chanzo chake huwa nje ya akili: maambukizi ya mkojo au mapafu, upungufu wa maji, choo kilichofunga, dawa mpya, au dawa ya usingizi iliyoachwa kwa mkupuo. Sonona huchukua wiki, na mzee mara nyingi hasemi kwamba ana huzuni. Hulalamikia mgongo, tumbo, chakula kisicho na ladha na usingizi unaokatika alfajiri. Dimenshia, yaani ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, huchukua miezi na miaka.

Jaribio dogo la nyumbani husaidia kutofautisha, ingawa halitoshi kutoa uamuzi. Mwombe mzee ataje miezi ya mwaka kuanzia Desemba kurudi nyuma. Mwenye sonona huchelewa, hupumua, husema “sijui” na kuacha, lakini ukimtia moyo mara nyingi huendelea. Aliyechanganyikiwa ghafla hufika Oktoba, akasahau alichoulizwa, akaanza kukueleza kuhusu paka aliyeketi dirishani mahali ambapo hapana paka. Huyu wa pili hahitaji kidonge cha akili hata kimoja. Anahitaji kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo ili chanzo kitafutwe, na ukimpa dawa ya kumtuliza nyumbani utakuwa umefunika dalili na kuacha ugonjwa uendelee.

Kwa sonona kuna dodoso la maswali 15 ya ndiyo na hapana lililotungwa mahususi kwa ajili ya wazee, na jambo la busara ndani yake ni kwamba haliulizi maumivu ya mwili, kwa kuwa karibu kila mwenye miaka 80 angejibu ndiyo. Pamoja na dodoso hilo, ni haki ya mgonjwa kupimwa damu kuangalia tezi ya shingo, vitamini B12, sodiamu na wingi wa damu kabla hajaandikiwa dawa itakayomezwa kwa miezi.

Sonona: mazungumzo au vidonge?

Ipo dhana kwamba tiba ya mazungumzo ni ya vijana, kwamba mzee “ameshazoea hivyo” na hatabadilika. Utafiti haukubaliani nayo. Tiba ya kutatua matatizo hatua kwa hatua, na ile ya kumrejesha mtu kwenye shughuli alizokuwa akizipenda kabla hajajifungia, zote hufanya kazi kwa watu wa miaka 70 na 80 wenye sonona ndogo au ya kati. Kwa kipimo changu cha kurudi nyuma, njia hii inaongoza: isipofaa, kilichopotea ni wiki kadhaa na nauli. Udhaifu wake ni wa kivitendo zaidi. Mzee asiyesikia vizuri hukaa saa nzima akitikisa kichwa kwa adabu bila kushika neno, na sijui kwa nini kifaa cha kusikia hakihesabiwi kuwa sehemu ya tiba ya akili.

Vidonge vina nafasi yake pale sonona inapokuwa nzito, inapojirudia, au mazungumzo yanapokuwa yamejaribiwa bila mafanikio. Vinahitaji subira kuliko kwa kijana: wiki 4 hadi 6 ndizo za kawaida, na kwa wazee wengine nafuu kamili huonekana baada ya wiki 8 hadi 12. Nionavyo mimi, swali la “mazungumzo au vidonge” lina kasoro, kwa sababu matokeo mazuri zaidi yamepatikana pale vyote viwili vilipowekwa chini ya uangalizi wa karibu. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wagonjwa 1,801 wa miaka 60 na kuendelea waligawanywa makundi mawili: wengine walihudumiwa na daktari wao wa kawaida kama ilivyozoeleka, na wengine waliongezewa mhudumu wa kuwafuatilia, kuwapa tiba fupi ya mazungumzo na kushauriana na daktari wa magonjwa ya akili. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 45 ya kundi la pili walikuwa wamepungukiwa dalili kwa nusu au zaidi, dhidi ya asilimia 19 ya kundi la kwanza. Dawa zilipatikana kwa makundi yote mawili. Tofauti ilikuwa kwamba upande mmoja kulikuwa na mtu anayepiga simu kuuliza hali na kubadilisha mpango usipofanya kazi. Basi ukilazimika kuchagua kati ya bingwa anayeonekana mara moja kwa mwaka na daktari wa kawaida mwenye muuguzi anayefuatilia kila baada ya wiki mbili, mchague huyo wa pili, isipokuwa ugonjwa uwe mzito au mgumu.

Kuna hali ambayo kusubiri kwenyewe ndiko kusikorudishika. Mzee aliyeacha kula na kunywa, anayeamini kwamba matumbo yake yameoza au kwamba ameifilisi familia ilhali si kweli, au anayezungumzia kufa kana kwamba amekwisha kupanga, hafai kuwekwa kwenye foleni ya wiki 8. Katika nchi nyingi wazee ndio wenye viwango vya juu vya kujiua, na maneno kama “mimi ni mzigo tu” yasichukuliwe kuwa desturi ya uzee. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua; swali hilo halimpandikizii wazo. Usimwache peke yake, ondoa vidonge vya akiba ndani ya nyumba, na umfikishe kwa wataalamu siku hiyo hiyo.

Kwa wagonjwa wa aina hii, tiba ya mshtuko wa umeme, ambayo watu huiogopa kuliko dawa zote, mara nyingi ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kumwokoa. Ilianza Roma mwaka 1938 na sura ya wakati huo bado imewakaa watu kichwani, ilhali leo hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi na misuli imelegezwa. Huathiri kumbukumbu, hasa ya wiki zinazozunguka tiba yenyewe, na hilo lielezwe bila kufichwa. Lakini wazee wenye sonona nzito iliyochanganyika na imani zisizo na msingi huitikia vizuri, mara nyingi kuliko vijana.

Ukishaamua ni kidonge, kipi?

Madaktari wengi huanza na kundi la sertralini, sitalopramu na esitalopramu, na ni mwanzo mzuri kwa sababu kundi hili halitishi moyo wala kibofu kama dawa za zamani. Hata hivyo lina mitego miwili ambayo kwa mzee ni halisi. Wa kwanza ni kushuka kwa sodiamu katika damu, hasa ndani ya wiki za mwanzo na hasa kwa anayetumia dawa ya presha inayoongeza mkojo. Dalili zake ni kichwa kuuma, kuyumba na kuchanganyikiwa, na familia husema sonona imezidi, kumbe ni dawa. Pima sodiamu kabla ya kuanza na tena baada ya wiki mbili hivi. Wa pili ni kutokwa damu tumboni, hatari inayoongezeka mzee anapotumia pia aspirini, diklofenaki ya maumivu au dawa ya kuyeyusha damu. Sitalopramu, kwa mwenye zaidi ya miaka 60, haipaswi kuvuka miligramu 20 kwa siku kwa sababu ya mapigo ya moyo.

Mirtazapini ni jirani mwenye tabia tofauti. Humezwa usiku, huleta usingizi na hufungua hamu ya kula, kwa hiyo kile ambacho kijana hukilalamikia, yaani kunenepa, kwa mzee aliyekonda na asiyelala huwa ndicho kinachotakiwa. Kwa mzee mnene mwenye kisukari na magoti mabovu ningesita.

Amitriptilini ndiyo dawa inayopatikana karibu kila mahali, na ndiyo ambayo ningeiweka mwisho. Hukausha kinywa, hufunga choo, huzuia mkojo kwa mwenye tezi dume iliyovimba, hupunguza presha mtu anaposimama, huvuruga mapigo ya moyo na hutia ukungu kichwani. Orodha maarufu ya Beers, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1991 kuonyesha dawa zisizowafaa wazee na kuhuishwa tena mwaka 2023, inashauri iepukwe. Nyongeza ndogo hapa: wazee wengi walio kwenye miligramu 10 za amitriptilini walipewa kwa maumivu ya neva, na dozi hiyo haitibu sonona. Wanabeba madhara ya dawa ya sonona bila kutibiwa sonona.

Nikirudi kwenye kipimo changu, dawa zote hizi zinaweza kuachwa kwa kupunguzwa ndani ya wiki au miezi. Kisichorudi ni nyonga iliyovunjika, na kuanguka huongezeka kwa makundi yote matatu. Na kwa mzee mwenye sonona juu ya dimenshia, matumaini kwenye vidonge yapunguzwe: utafiti wa Uingereza wa mwaka 2011 ulilinganisha sertralini, mirtazapini na vidonge visivyo na dawa ndani, na mwisho wa wiki 13 haukuona tofauti. Hapo utaratibu wa siku unaotabirika na shughuli ndogo anazozipenda huja kwanza.

Usingizi: hapa sina msimamo wa kati

Kati ya diazepamu, zolpidemu, dawa za mzio zinazoleta usingizi na tiba ya usingizi isiyotumia dawa, naichagua ya mwisho kwa mzee karibu kila mara. Diazepamu na ndugu zake huongeza kuanguka, kuvunjika mifupa, ajali barabarani na kuchanganyikiwa, na baada ya wiki chache mwili huzizoea hata usingizi ukawa ule ule wa awali, huku kuziacha kukiwa kugumu. Zolpidemu hutoka mwilini haraka zaidi, lakini mzee anapoamka kwenda msalani usiku bado imo damuni. Dawa za mzio kama prometazini na klorfeniramini huonekana salama kwa sababu hununuliwa bila cheti. Ni dawa zinazokausha kinywa na kuvuruga kumbukumbu kwa njia inayokaribiana na ya amitriptilini. Ikiwa hali inalazimisha dawa ya kundi la diazepamu kwa siku chache, lorazepamu ni afadhali kwa kuwa ini la mzee huimudu vizuri zaidi, na hata hiyo iwe na mwisho uliotajwa tangu siku ya kwanza.

Tiba isiyo na dawa hudharauliwa kwa sababu haina kidonge cha kushika mkononi. Huanza kwa hesabu. Mzee anayeingia kitandani saa mbili usiku na kuamka saa nane usiku amelala saa sita. Hajakosa usingizi, ameuanza mapema. Mwongoze aingie kitandani saa nne au saa tano, aamke saa ile ile kila siku bila kujali usiku ulikuwaje, ainuke akae kwenye kiti anapojigeuza muda mrefu bila kulala, na apunguze kusinzia mchana. Dawa ya kuongeza mkojo ihamishiwe asubuhi kwa idhini ya daktari. Wiki mbili za kwanza huwa mbaya, na hapo ndipo familia nyingi hukata tamaa na kurudi dukani.

Kwa aliyekwisha kuzoea dawa hizi kwa miaka, habari njema ni kwamba umri haumfungii mlango. Katika utafiti uliofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2014, wazee 303 waliokuwa wakizitumia waligawanywa. Waliopewa kijitabu kinachoeleza hatari na ratiba ya kupunguza, asilimia 27 walikuwa wameacha kabisa baada ya miezi 6, dhidi ya asilimia 5 ya ambao hawakupewa. Kuacha kwa mkupuo, kinyume chake, kunaweza kuleta degedege. Hupunguzwa kwa sehemu ndogo, mara nyingi robo ya dozi au chini ya hapo kila baada ya wiki mbili au zaidi, na hatua za mwisho huwa ndogo zaidi.

Mhangaiko wa mwenye dimenshia: uangalizi au dawa za saikosisi?

Haloperidoli, risperidoni, olanzapini na ndugu zao zilitengenezwa kwa wenye maruweruwe na imani zisizo na msingi. Mzee anayepiga kelele jioni, anayempiga anayemwogesha au anayetembea usiku kucha huandikiwa dawa hizi kwa sababu nyumba imechoka, na sitambeza mtu aliyechoka. Ila afahamu anachonunua. Mwaka 2005 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo lake zito zaidi baada ya kuona kwamba katika majaribio ya wiki 10 hivi, wazee wenye dimenshia waliotumia dawa mpya za kundi hili walikufa kwa asilimia 4.5, dhidi ya asilimia 2.6 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2008 onyo likahusisha na dawa za zamani pia. Kiharusi nacho huongezeka. Utafiti wa Uingereza uliofuatilia wagonjwa muda mrefu zaidi ulikuta kwamba baada ya miezi 24, asilimia 46 tu ya walioendelea na dawa ndio walikuwa hai, na upande wa walioachishwa ni asilimia 71.

Upande wa pili wa mizani, faida yake kwa mhangaiko ni ndogo, ingawa ipo, na kwa baadhi ya wagonjwa wakali mno huwa ndiyo njia pekee ya kuzuia majeraha. Kabla ya kufika huko, tafuta maumivu. Mwenye dimenshia hawezi kukuambia jino linamuuma. Atakusukuma unapomgusa shavu. Angalia choo, mkojo, miwani iliyopotea, betri ya kifaa cha kusikia, soksi inayobana, na saa ambayo fujo huanza. Nilimwona mama mmoja aliyekuwa akipigana kila asubuhi wakati wa kuogeshwa. Ugomvi ulipungua mno bega lake lililokakamaa lilipoanza kupewa dawa ya maumivu nusu saa kabla ya maji.

Ikibidi dawa itumike, iwe dozi ndogo kabisa, iandikwe inatibu tabia ipi, na ikaguliwe mapema. Isipoleta nafuu baada ya wiki 4 za dozi ya kutosha, iachishwe. Ikileta, lijaribiwe jaribio la kuipunguza ndani ya miezi 4. Mwenye dimenshia ya miili ya Lewy (aina inayoandamana na maruweruwe na kukakamaa) au ugonjwa wa Parkinson asipewe haloperidoli kabisa, kwani anaweza kukakamaa kiasi cha kuhatarisha maisha. Hayo yote hayamhusu mzee aliyeishi na skizofrenia au ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia tangu ujana. Kwake dawa ndiyo nguzo, na kazi ni kupunguza dozi kadiri figo na ini vinavyochoka. Anayetumia lithi, dawa ya kusawazisha hisia, kwa mfano, apimwe kiwango chake damuni mara kwa mara na asiongezewe diklofenaki bila daktari kujua.

Kuendelea au kuacha

Aliyepona sonona kwa vidonge kwa kawaida hushauriwa aendelee angalau miezi 6 hadi 12 baada ya kupona, na muda mrefu zaidi ikiwa imewahi kumrudia. Anapoanza kupunguza, familia itofautishe mambo mawili: kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto kali na hali ya kama umeme mdogo kichwani vinavyoanza siku chache baada ya kushusha dozi ni mwili unaozoea, na dawa ya kupunguzia ni kurudi hatua moja na kwenda polepole zaidi; huzuni inayorejea taratibu baada ya wiki au miezi ni ugonjwa, na hiyo inahitaji daktari. Ili kuona tofauti hiyo kunahitajika kumbukumbu, kwa hiyo juu ya kila boksi andika kwa kalamu siku dawa ilipoanza, dalili iliyosababisha ianze, na tarehe ya kuijadili upya.